Jembe la Mahari

Ukungu wa Njombe ulikuwa umewalowesha kabla mvua yenyewe haijaanza. Hulda na mumewe Lukas walikuwa wameketi kwenye benchi la nje ya boma tangu asubuhi, bado wana matope mekundu ya lori lililowaleta kutoka Makambako. Walipoitwa, Lukas alivua kofia angali mlangoni.

Karani Ezekia alizungumza na Hulda tu, utadhani Lukas hayumo.

"Wewe mama hatuna neno nawe. Ushuru unalipa, na madereva wote wanaisifu chai yako. Lakini mwenzio ni mtoro."

Lukas alitazama sakafu. Zamani, wakiwa vijana, alitia dole gumba kwenye mkataba wa kwenda kukata mkonge Tanga, akapewa blanketi na posho ya mbele. Habari zikamfikia kwamba mtoto wao yu mahututi, naye akatoroka kambini kabla mkataba haujaisha. Alimkuta mtoto ameshazikwa. Kaburi halikuandikwa popote bomani, utoro uliandikwa.

"Basi niandike mimi peke yangu," Hulda alisema. "Amri imetoka, kando ya barabara wanataka nyumba za bati tu. Mvua zikianza kibanda changu kitavunjwa. Nisipopata mkopo wa bati, nitapikia wapi?"

"Mke wa mtu hakopi peke yake. Deni lake ni la mumewe. Jina jema hung'ara gizani, mama, ila lako limefunikwa na blanketi la mkonge." Ezekia aliipenda kauli yake mwenyewe, akacheka. Kisha akageukia dirisha. "Ungekuwa huna mume, kaka yako angekudhamini. Mimi sijasema kitu."

Walirudi juu ya magunia ya viazi, upepo ukiwapiga usoni. Walikuwa wamechoka kiasi kwamba wazo lile la kuachana kwa uongo halikuwatisha.

Lukas alikuwa amemwoa Hulda kwa majembe matatu na ndama. Ndama alikufa, majembe mawili yalilika kwa kulima, na la tatu lilibaki kwa Manase, kaka yake Hulda, aliyekuwa mkuu wa nyumba tangu baba yao afariki. Jembe likipokelewa, mtu ana mke. Likirudishwa mbele ya baraza, hana.

"Hii ni ya macho tu," Manase aliwaambia, na alikubali upesi mno. "Bati likishapanda, mlamu wangu, unaniletea jembe lako, tunakunywa ulanzi, yamekwisha."

Barazani wazee walimuuliza Hulda kama anamkataa mumewe. Alisema anamkataa. Walimtaka aseme kwa sauti, akasema kwa sauti, na moyo ukamuuma kana kwamba ni kweli. Lukas alilipokea jembe kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea zawadi. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa akawazuia wote wawili wasiikaribie meza ya Bwana, maana wameachana bila sababu inayokubaliwa na Maandiko. Hilo hawakuwa wamelifikiria. Lukas akahamia banda la wapakizi wa malori, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo aliweza kuuona moshi wa jiko la mkewe asiweze kuuota moto wake.

Mkopo ulitoka. Ezekia alikuja mwenyewe Makambako kupima kiwanja, akasimama kati ya vigingi na kuita jina la Manase.

"Kiwanja ni changu," Hulda alisema.

"Mwanamke asiye na mume yuko chini ya kaka yake. Anayedhamini ndiye anayeandikwa. Ulitaka nikuandike chini ya nani, mama?"

Manase aligeukia mabati mapya. Alikuwa akiyagonga kwa kidole, asikilize yanavyolia.

Vibarua wa kuchimba msingi walitakiwa, na Lukas alikuwa na jembe. Manase alichora ardhini kwa fimbo, akawaonyesha: duka huku mbele, vyumba vyake pale, dada atapikia uani. Lukas alichimba hadi fulana ikamganda mgongoni, kisha akamsogelea.

"Kamwene, mlamu. Lile jembe nilete lini?"

"Subiri deni liishe. Ukirudi leo, utoro wako unarudi nawe, bati zote zinachukuliwa. Bandu bandu huisha gogo."

"Litaisha lini?"

"Nitajuaje? Biashara ni biashara."

Aliyekuwa akilipa ni Hulda, kwa chai na maharage, kila dereva aliposhuka. Alikuwa akisikia yote akiwa na sufuria mkononi. Alitaka kuitupa. Aliijaza maji, akaibandika motoni, maana lori la Lupembe lilikuwa linapiga honi kwenye kona na watu wangetaka kula.

Jioni vibarua walinawa na kuondoka. Lukas alibaki nyuma. Alilifuta jembe lake kwa majani hadi bapa likawa safi, akalifuta na mpini, kisha akaenda hadi mlangoni pa kibanda na kuliegemeza ukutani, kandokando ya mafiga, pale ambapo mchumba huliegemeza akija kuposa. Hulda alikuwa akiosha vikombe. Alilitazama lile jembe, akamtazama Lukas, akalisogeza ndani kidogo kwa mguu, lisinyeshewe.

Lukas alikuwa ameshavuka barabara Manase alipotoka nyuma ya rundo la mabati. Aliliona jembe. Aliingia, akalichukua, akasimama nalo mlangoni.

"Lukas!" aliita, kwa sauti ya mtu anayemtendea mwenzake wema. "Umesahau jembe lako. Kesho tunaanza saa moja."

Lukas alirudi kulichukua. Hulda aliinamia beseni na kukiosha tena kikombe kilichokwisha kuwa safi.