Cipro ya Mama Mkwe

Mume wangu Guylain haogopi bosi wala polisi wa Brussels, lakini mama yangu akimnyooshea kitu, anapokea. Kwao Likasi, Kongo, kukataa cha mama mkwe ni kumtukana. Basi mama, maman Émérance, msusi kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, alimtibu atakavyo. Akikohoa, cipro, antibiotiki yake ya kila kitu. Tumbo likimkata, cipro. Alipofiwa na kaka yake akakosa hamu ya kula, cipro pia. Vidonge vilitoka Lubumbashi kwenye mizigo ya wasafiri, na Guylain akipata nafuu tu, mama alichukua vilivyobaki akampa mgonjwa mwingine. Nilipopiga kelele, niliambiwa nimekuwa Mbelgiji.

Mwaka 2011 homa ya figo ikamwangusha. Hospitalini, kule Jette, daktari akamuuliza kama ametumia antibiotiki siku za karibuni. Mimi nilikuwa kazini. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Jamais, docteur," akasema Guylain, yaani kamwe.

Wakampa cipro.

Kesho yake nilimkuta homa imepanda, presha imeshuka, anaongea na marehemu kaka yake. Daktari akarudia swali, mama akiwa palepale. Mtu anazungumza na wafu, lakini adabu hajaisahau: "Jamais."

Nikalipuka. Nilimweleza daktari kila kidonge na nani aliyekitoa. Mama akasimama.

"Kumbe njo hii aksanti yangu? Unanipatisha haya mbele ya muzungu, mi mama yako?"

"Bwana yangu anakufa, maman!"

Daktari akabadilisha dawa saa ileile. Bakteria walio mwilini mwa Guylain, alisema, wamezoea cipro, haiwatishi tena. Mazoea yana taabu.

Guylain akapona. Mama alininunia, na kanisani akatoa ushuhuda jinsi Mungu alivyomponya mkwe wake, licha ya binti asiye na heshima.

Jumapili moja akaja kula kwetu. Guylain akapiga chafya, mara moja tu. Mama akatoa boksi jipya, na jina lililoandikwa juu yake nililijua: ni ile dawa iliyomwokoa. Kumbe alikuwa amemuuliza muuguzi jina lake, akaiagiza Lubumbashi.

"Ile cipro ilikuwa imezeeka, mon fils," akamwambia Guylain kwa upole. "Hii njo ya nguvu."

Nilitaka kulia. Guylain aliniangalia kama mtu anayeomba radhi, kisha akaniomba maji.