Kengele ya Mkwe

Kwanza niwaambie wale wanaonisema hapa Kiloleli: mimi Nyamizi sikumfuata mkwe wangu Ukerewe. Nilikwenda kumwona dada yangu, ambaye ameolewa huko siku nyingi, na kila baada ya mavuno nampelekea gunia la michembe. Kisiwani wana samaki, wana machungwa, lakini viazi vya kukausha kama vya kwangu hawana. Mwanangu Monika aliponipigia simu kutoka Bariadi kunionya, nilikuwa nimeshafunga mzigo kwenye keria ya baiskeli.

"Mama, Jumamosi usiende. Elia yuko huko na wageni wa baiskeli."

"Kisiwa kizima kile," nikamjibu, "nitakutana naye wapi? Kwani ni uchochoro?"

Kwa wasiojua, kwetu Wasukuma mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawasemeshani, na wakikutana njiani mwanamume anaingia porini mpaka mama apite. Ama kumpita mkwe wako ukitokea nyuma ukamwachia vumbi, hilo ndilo usiseme! Bora umtukane. Vijana wa mjini wameshaacha mambo haya, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama mpira. Kwangu sijaacha. Tangu Elia amwoe Monika nilikuwa namjua kwa visigino tu. Siku ya posa nilikuwa jikoni, siku ya harusi nikatazama viatu. Monika alipoleta picha za harusi nilizigeuza kifudifudi, maana uso ni uso hata ukiwa kwenye karatasi.

Na sikuwa na hamu ya kuuona. Mwanamume mzima, kazi yake kuzungusha pedeli! Kitu cha maana alichonipa ni mjukuu wangu Maduhu, na hata huyo amechukua kwetu. Akicheka, shavu lake la kushoto linaingia kishimo kimoja, mama yangu, unaweza kumla. Nimewatangazia watu wote kwamba kishimo kile ni cha ukoo wetu. Ni kweli sisi tulio hai hatuna, lakini nikasema alikuwa nacho bibi yangu, na bibi yangu hayupo, nani atabisha?

Sasa, Monika aliniambia na jambo jingine ambalo liliniondolea usingizi. Siku hiyo Elia alikuwa anajaribiwa. Kampuni moja ya utalii ya Dar ilitaka kuanzisha safari za baiskeli kandokando ya kisiwa, na bosi wao, dada mmoja anaitwa Nancy, alikuwa anakuja mwenyewe kuiona njia. Akiipenda, Elia anapata kazi ya kudumu na familia inabaki Bariadi. Asipoipenda, kuna rafiki yake Chunya amemwahidi kazi mgodini, na wangehama wote. Chunya! Maduhu angekuja kunisalimia ana ndevu.

Basi Jumamosi nikavuka na kivuko, nikashuka, nikapanda baiskeli yangu. Barabara ya ufukweni ni nzuri, sikatai. Ziwa upande mmoja, bluu hadi macho yanachoka, upande mwingine mihogo na majabali makubwa yamepangwa kama mtu aliyapanga akakatiza kazi. Dagaa zimeanikwa mchangani, zinanuka vizuri. Nilikuwa naimba kabisa.

Nikasikia minyororo nyuma yangu. Nikageuka. Lo! Kundi la watu wenye kofia ngumu, wengine wazungu, wengine Waswahili wa Dar, na wa mbele yao akapiga breki hadi mchanga ukaruka. Akainamisha uso, akaivuta baiskeli yake, akazama kwenye mihogo. Nikaviona visigino. Visigino vile vile vya harusini!

Halafu nikaona kilichokuwa juu ya visigino. Kaptula. Nyeusi, fupi, imembana kama ngozi ya ng'ombe. Mkwe wangu! Nikafumba macho na baiskeli inatembea, kidogo niingie ziwani na michembe yangu.

Nilipoyafumbua, wageni wote walikuwa hawapo. Walikuwa wamemfuata kiongozi wao mihogoni, wazungu na baiskeli zao za mamilioni, mmoja anauliza kama hapa ndipo wanapotazama ndege. Nancy akatokeza kichwa, jani la muhogo limekwama kwenye kofia.

"Elia, hii ndiyo njia?"

"Hapana, bosi. Tunasubiri kidogo."

"Tunasubiri nini?"

"Mama apite."

Nikapita, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Lakini mzigo ni mzigo na magoti haya si ya jana. Punde nikawasikia tena nyuma, na Elia anapunguza mwendo, na wageni wanagongana matairi huko nyuma na kuombana radhi kwa Kiingereza. Tukaenda hivyo, mimi mbele nahema, wao nyuma wanatambaa kama maandamano ya mazishi. Tulipofika mahali ambapo njia inapita katikati ya jabali na maji, Nancy uvumilivu ukamwisha.

"Mpite huyo mama!"

"Siwezi, bosi."

"Huwezi kumpita bibi mwenye gunia?"

Bibi! Nikameza.

"Ni mama yangu mkwe," Elia akasema.

Nikashuka, nikajibana kwenye jabali, nikageuzia uso jiwe. Moyoni nasema pita basi, mtoto wa watu, pita, sikuoni. Hakupita. Nikakohoa. Hakupita. Kichwa kigumu huyo!

"Sikiliza, Elia," Nancy akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya ofisini. "Siwezi kuuza safari ya kufuata gunia. Ama unampita, ama tunageuza, na mambo yanaishia hapa."

Maji yanapiga mawe. Halafu nikamsikia Elia, taratibu kabisa: "Basi tugeuze, bosi. Mama simwachii vumbi."

Jamani, moyo uliniuma. Mtu ambaye nimemsema katika kila soko, anatupa kazi yake ziwani ili mimi nisile vumbi. Na kwa heshima yake hiyo hiyo, mjukuu wangu anakwenda Chunya. Nikaona nikinyamaza, mimi ndiye mpumbavu wa kisiwa kizima.

Kumsemesha sikuweza. Lakini baiskeli yangu nani alinikataza kuisemesha?

"Baiskeli!" nikapaza sauti. "Waambie hao wanaotaka kugeuza kwamba mbele ndiko kuzuri. Na kama wanaogopa kutangulia, wanifuate mimi!"

Wageni wakatazamana. Nyuma, sauti ya woga ikasema, "Baiskeli, mwambie mama, mwangaluka. Na mwambie kwamba baada ya jabali njia zinagawanyika, na yeye huwa anapita ya juu ya kwenda kwa dada yake. Ya ufukweni haijui."

Ebo! Kumbe ananijua hadi njia zangu. Na ni kweli, ile ya chini sikuijua.

"Baiskeli, muulize, sasa tutafanyaje?"

"Baiskeli, mwambie mama, nitapiga kengele. Mara moja ni kushoto. Mara mbili ni kulia. Nikipiga mfululizo, asimame watu watazame ziwa."

Mzungu mmoja wa kiume alikuwa ameshaanza kucheka, na alipotafsiriwa akaikumbatia baiskeli yake, akaisalimia kwa Kisukuma: mwangaluka! Hata Nancy mdomo ulimcheza.

"Bado jambo moja," nikasema. "Baiskeli, hiyo kaptula siendi nayo." Nikafungua kanga yangu ya kiunoni, nikairusha nyuma bila kugeuka. "Ajistiri."

Tukaondoka. Mimi mbele na gunia, wageni katikati, mkwe wangu mwisho kabisa na kanga yangu ya maua mekundu. Kengele ikilia mara moja, nakata kushoto, tunapita chini ya michungwa. Mara mbili, kulia, tunatokea ghuba ndogo ambayo maji yake unayaona hadi chini. Ikilia mfululizo nasimama, wote wanasimama, na kila mara alikuwa amechagua mahali ambapo hata mimi nilinyamaza. Huyu kijana alikuwa anakijua kisiwa kile kama mtu anavyojua uso wa mke wake. Mimi nilichoongeza ni salamu. Sipiti mtu bila kumsalimia, na nikisalimia nauliza nyumbani, watoto, mifugo, mvua. Wageni nao wakaanza, wakawa wanauliza ng'ombe za watu hawajambo. Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu walicheka hadi wakakaa chini. Mara moja tu nilichanganya kengele nikawaingiza wote kwenye tope la mpunga, na niliilaumu baiskeli.

Tukamalizia kwa dada yangu. Akatuletea sato na ile michembe, wageni wakala chini ya mwembe wa jirani hadi gunia likapungua. Elia alipelekewa sahani yake nyuma ya nyumba, alikojificha na baiskeli yake, kama inavyotakiwa.

Nancy akaja akakaa karibu yangu, bado ana tope hadi magotini.

"Mama, njia hii naichukua. Kazi ni ya Elia. Wageni wanasema hawajacheka hivi tangu watoke kwao. Wanauliza kama na wewe utakuwepo kila safari."

Machozi yalinitoka palepale, sikuyaficha. Nikasema ni moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa mbali.

"Nitakuja nikiwa na michembe ya kuleta," nikasema. "Na mimi ndiye wa mbele."

Akacheka, akatoa simu. "Nilipiga picha kule kwenye ghuba. Nyote wawili mmetokea, wewe mbele na yeye kule mwisho, anatazama kamera. Nikuonyeshe?"

Mkono wangu ulikwenda kuigeuza simu kifudifudi, kwa mazoea tu. Ukasimama njiani. Nikamfikiria huyo aliye nyuma ya nyumba, anakula peke yake, amefunga kanga yangu.

"Lete," nikasema.

Akaikuza picha kwa vidole. Kwanza nikajiona mwenyewe, mdomo wazi, nagombana na mtu. Halafu akaisogeza hadi mwisho wa msafara. Kijana wa watu, jasho linamtoka, ana maua mekundu kiunoni, na anacheka. Na alipocheka, shavu lilikuwa limeingia ndani.

Nikarudisha simu. Nikaenda uani, nikaishika baiskeli yangu usukani, nikasema kwa sauti ya kufika nyuma ya nyumba:

"Baiskeli, nasikia kuna mtu hapa ana kishimo kama cha mjukuu wangu. Hebu muulize kiko shavu gani."

Nyuma ya nyumba, kengele ikalia mara moja.