Kishikio Upande wa Kushoto

Mimi sijawahi kuvua samaki, na wala sikuwa na hamu ya kuanza. Miaka yote niliyoolewa na Hollis, kazi yangu ilikuwa kuwakaanga walioletwa na kununa wasipoletwa. Lakini Jumanne ile aliponiomba ufunguo wa kabati la bunduki, eti anataka kuzisafisha, na msimu wa kuwinda bado kabisa, maji yalinifika shingoni. Nilimtazama usoni nikaona hayupo. Nikampigia simu dada yake, Wynelle, akaja na gari, tukazitoa bunduki zote kwa mlango wa nyuma tukaenda kuzifungia kwake. Kisha Wynelle akarudi kukaa naye, na mimi nikaenda dukani kwa Truett kununua rili ya kuvulia.

Najua, utacheka. Mume anataka kufa, mke anakwenda kununua mtambo wa kukunjia mshipi! Mfa maji haachi kutapatapa, ndugu yangu.

Msumeno wa kiwanda cha mbao ndio uliomkata Hollis dole gumba la mkono wa kulia. Watu wa kanisani walikuja na mabakuli yao ya kuku na tambi, wakasema tumshukuru Mungu, ni kidole kimoja tu. Kidole kimoja tu! Nilitamani kuwarudishia mabakuli na kuku wao ndani. Hapa kwetu Eufaula mwanamume anajulikana kwa samaki wa besi aliowatoa ziwani, na wanaume wa kwetu huwavua besi kwa zile rili zinazokaa juu ya ufito wa kuvulia. Ukirusha chambo, kigurudumu cha uzi kinazunguka kama kimepagawa, na la kukituliza ni dole gumba lako, unaligusisha tu, hivi. Lisipokuwepo, uzi unafumuka, unajisokota, unakuwa fundo kubwa wanaloliita kiota cha ndege.

Hollis alijaribu kutumia kidole cha shahada. Akatoa viota mfululizo pale gatini, mbele ya wenzake. Mmoja akamwambia anunue rili ya kubonyeza kitufe, ile ya watoto. Wakacheka, na yeye akacheka nao. Akaja nyumbani akalala, akageukia ukuta, na tangu hapo alikuwa anainuka kwenda chooni tu.

Sasa mimi nikawaza: mkono wa kulia umeharibika, lakini wa kushoto si mzima? Basi nimtafutie rili ya kutumia mkono mzima, aanze upya. Nilijiona nina akili kweli.

Dukani kwa Truett palikuwa na wazee wawili wamekaa kando ya mashine ya pesa wakimenya karanga za kuchemsha. Waliponiona nimesimama mbele ya kabati la rili, wakaacha kumenya.

"Bi Nadine!" mmoja akasema. "Unakuja kutunyang'anya kombe la uvuvi la Jumamosi?"

"Kombe lenyewe mnalo?" nikamjibu. "Mwaka jana mlirudi na jua tu usoni."

Truett akacheka, akanijia na taulo begani. "Ni rili ya nani, Bi Nadine?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema ni ya Hollis, habari ingefika gatini kabla sijafika nyumbani. Nikasema, "Ya mtu anayeanza."

"Ya kwanza kabisa? Basi usimchukulie yenye gia kali, itamtesa. Na iwe na breki ya sumaku, hii hapa, unaigeuza ubavuni, inazuia kigurudumu kisikimbie hovyo. Kishikio cha kuzungushia kikae upande gani?"

"Kushoto."

"Una uhakika? Wengi wa hapa kwetu..."

"Truett, nimekuuliza wengi wanatumia nini?"

"La, mama."

"Basi nifungie hiyo."

Njiani niliendesha gari nikiomba kwa sauti, kama kichaa. Mungu wangu, hata akinitukana ni sawa, mradi ainuke.

Nilimkuta vilevile, ameupa mlango mgongo. Wynelle alikuwa kitini miguuni pake, macho mekundu. Sahani ya asubuhi ilikuwa mezani, haijaguswa. Nikamwekea rili kitandani mbele ya uso.

"Baba, nimekuletea kitu. Kishikio kiko kushoto. Utakizungusha kwa mkono wako mzima."

Akaitazama muda mrefu. Halafu akasema polepole, kama anamwambia mtoto, "Na ufito nitaushika kwa mkono gani?"

Nikaitazama tena ile rili.

"Nadine, mkono ulioshika ufito ndio unaotakiwa kuwa na dole gumba. Hii ni rili ya mtu anayerusha kwa kulia. Umeninunulia kitu pekee dukani ambacho mimi siwezi kukitumia." Wala hakukasirika. Laiti angekasirika! "Irudishe. Na ufunguo wa kabati niletee."

Akageukia ukuta.

Loo, nilipandwa na mori ambao sijawahi kuujua. Nilimkasirikia Truett, nikaukasirikia msumeno, nikamkasirikia na yule Mungu niliyekuwa namwomba garini. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe, mjinga mimi. Nikaikwapua ile rili, nikaenda bandani nikachukua ufito wa kwanza niliougusa, nikamwita Wynelle anisaidie kuifunga. Mwisho wa uzi tukafunga kipande cha madini ya risasi cha kuupa uzito, kisicho na ndoana. Nikasimama uani, mbele ya dirisha la Hollis, pale pale alipokuwa anafanyia mazoezi ya kurusha chambo ndani ya ndoo.

"Kwa hiyo haikufai!" nikapiga kelele. "Basi itanifaa mimi! Dole gumba ninalo!"

Nikarusha. Risasi ikaanguka karibu na viatu vyangu na uzi ukavimba kwenye kigurudumu kama nywele zilizoamka. Nikauvuta, nikaukunja hivyohivyo, nikarusha tena kwa nguvu zaidi. Kikawa kiota juu ya kiota. Jirani akatoka barazani na kikombe chake cha chai baridi akakaa kutazama, na mimi wala sikujali. Nilikuwa nalia kwa sauti na kurusha na kutukana, mwanamke mzima, shemasi wa kanisa. Wynelle alikuwa akisema "Wifi, basi, wifi, inatosha," na mimi namwambia aniache.

Mwishowe kigurudumu kikakwama kabisa. Nikakaa kwenye nyasi nikaanza kuuchokonoa uzi kwa kucha, na kila nilipovuta ulizidi kukaza.

"Usivute!"

Hollis alikuwa kwenye ngazi za nyuma, peku, na ile fulana aliyolala nayo siku nyingi. Wynelle akaziba mdomo kwa mkono.

"Usivute, wee mwanamke, utaukata! Nani kakufundisha kuvuta?"

"Hakuna aliyenifundisha!" nikamfokea. "Niliyemtegemea anifundishe kalala!"

Akaja. Akajishusha kwenye nyasi kando yangu, kwa shida, akinuka jasho la kitandani. Akaupokea ufito kwa mkono wa kulia, akaitazama ile fujo, na nikaona kile kigutu cha dole gumba kinasogea chenyewe kuelekea kwenye kigurudumu, kinatafuta mahali pake, hakifiki. Akakitazama na yeye. Nilidhani atautupa ufito arudi ndani.

"Lete dole lako," akasema.

"Nini?"

"Dole gumba lako. Weka hapa juu ya uzi. Ubonyeze kwa nguvu, mimi nazungusha kidogo, halafu unaachia tunavuta taratibu. Kiota kinafunguka chenyewe. Haya."

Nikaweka. Yeye akazungusha kishikio kwa mkono wa kushoto, nikaachia, uzi ukatoka kiasi cha kiganja, ukakwama. Tukarudia. Ukatoka tena, ukakwama tena. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Nadine," akasema, macho yakiwa kwenye uzi, "mimi nikijiua, nani atakufundisha hiki kitu?"

Neno lenyewe lilikuwa halijatamkwa nyumbani kwetu. Tulikuwa tunalizunguka tu, mimi na Wynelle na yeye, kwa habari za funguo na kusafisha bunduki. Kulisikia hivyo mchana kweupe, jirani akiwa anakunywa chai, kulinivunja.

"Hakuna," nikasema. "Sitafundishwa na mtu. Usiniache, Hollis. Sitaki. Nakuambia sitaki."

Hakuahidi kitu. Alilia, mabega yakimcheza, na ufito hakuuweka chini. Nikalia naye.

"Umelegeza," akasema baadaye, pua imemziba. "Bonyeza."

Nikabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe, na yeye akazungusha.