Joto la Mashine Isiyo na Feni

Kabla ya kwenda kazini, mhandisi aliiweka laptopu yake mpya kwenye mizani ya jikoni, huku dada yake mkubwa akisubiri zamu ya kupima unga. Ilikuwa nyepesi kuliko mfuko wa unga, na nyembamba kiasi cha kujificha ndani ya gazeti lililokunjwa. Ile ya zamani ilikuwa imemshusha bega la kulia, hata fundi cherehani akawa anamshonea blauzi zenye bega moja chini ya jingine.

"Hii ni kompyuta au kioo cha kujipodolea?" dada aliuliza.

"Kompyuta."

"Na kasoro yake?"

Mhandisi alizijua, kwa kuwa alizisoma kabla ya kununua. Vitufe vya herufi vilibanana, vidole vikawa vinakanyagana. Tundu la waya lilikuwa moja tu. Ukichaji, huchomeki kitu kingine. Nafasi ya kuhifadhia ilikuwa finyu. Tena haikuwa na feni. Feni ina uzito, na walioitengeneza mashine waliamua kwamba uzito ndio adui.

"Sasa joto lake linakwenda wapi?"

"Linapelekwa kwa mtu."

"Afadhali. Feni zina kelele," dada alisema, akamimina unga.

Kumchagua mtu huyo kulikuwa sehemu ya kawaida ya kuiandaa mashine. Ilipowashwa mara ya kwanza, skrini iliuliza lugha, kisha saa, kisha jina la mtu wa kupokea joto. Muuzaji alimwambia kwamba wateja wengi huandika mwenye nyumba wao, wengine wakwe, na wachache huandika mama mzazi anayesumbuliwa na baridi. Mhandisi hakufikiri sana. Aliandika jina la bosi wake.

Ofisini bosi huyo aliitwa Muhuri, maana ni yeye peke yake aliyekuwa na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa, na alitembea nao kwenye mfuko wa shati. Mhandisi mwenyewe walimwita Kikokotoo. Desturi ya ofisi ilikuwa kwamba Kikokotoo anakokotoa mihimili, nguzo na mapaa, Muhuri anagonga muhuri, na chini ya mchoro, penye nafasi ya jina la aliyeusanifu, panaandikwa jina la Muhuri. Bodi ya usajili nayo haikumsajili mtu asiye na hata mchoro mmoja wenye jina lake. Bila jina hapati muhuri, bila muhuri hapati jina. Kila alipoliuliza hilo, Muhuri alimjibu kwa upole.

"Mwanangu, mbona una haraka kama unafukuzwa? Mchoro ujao."

Alisema hivyo kuhusu maktaba. Alisema hivyo kuhusu daraja la waendao kwa miguu. Sasa lilikuja paa la soko jipya, pana, lisilo na nguzo katikati, na safari hii Muhuri aliapa kwa kaburi la mama yake. Kikokotoo hakumwamini. Lakini hesabu ya paa lile ilikuwa nzito, na mashine ikifanya hesabu nzito hupata joto.

Alipoanza hesabu za upepo, Muhuri alivua koti. Kesho yake akavua tai. Zilipofika hesabu za mitetemo, maji yalitoa mapovu ndani ya glasi aliyoishika. Wafanyakazi waliliona hilo wakalipangia matumizi. Mhasibu aliweka chakula chake cha mchana kwenye meza ya bosi kipate moto. Katibu muhtasi alitundika mwavuli wake uliolowa mgongoni mwa kiti cha bosi.

"Samahani, bosi, geuka kidogo," alimwambia. "Upande huu bado mbichi."

Muhuri aligeuka.

Kikokotoo alijaribu njia ya mkato. Alirudia hesabu za jana, lakini mashine ilikumbuka majibu ikayatoa bila kupata joto. Akaipa namba za ovyo, ikazikataa, kwa kuwa nafasi yake finyu haikuwa ya kuhifadhia upuuzi. Basi Muhuri aliungua kwa kazi ya kweli tu, na Kikokotoo akafanya kazi ya kweli. Paa ambalo wengine wangelipima kwa upepo wa pande nne, yeye alilipima kwa upepo wa kila upande. Aliondoa kila chuma kisichobeba kitu, akaanza upya. Ofisi ile haikuwahi kuona paa lililokokotolewa kwa uangalifu wa namna ile, wala kwa chuki ya namna ile.

Mashine yenyewe ilizidi kuwa baridi, maana joto lote lilikwenda kwa Muhuri. Kikokotoo alivaa glavu, na zile herufi zilizobanana zikamsumbua mara mbili.

"Mdogo wangu," dada alisema wakiwa mezani, "ukimwashia adui yako moto, kuni ni za nani?"

"Si kuni. Ni umeme."

"Umeme wa nyumba yangu. Hama ofisi."

"Nikihama, atapoa."

Mchoro ulipokamilika, chini yake palikuwa na jina la Muhuri. Kikokotoo aliingia chumba cha bosi, ambako kiyoyozi kilivuma bila kusaidia.

"Uliapa."

"Niliapa, sikatai. Lakini soko linazinduliwa mbele ya wakubwa, mwanangu. Wakiuliza huyu ni nani, tutawajibu nini?"

"Kwamba nililikokotoa."

"Kukokotoa kila mtu anakokotoa." Muhuri alipeleka leso usoni, ila jasho lilikuwa limekauka kabla leso haijafika. "Mchoro ujao."

Kikokotoo aliamua kumaliza kazi siku ya uzinduzi. Alikuwa amebakiza hesabu moja kubwa kuliko zote: jinsi paa litakavyozeeka, boliti kwa boliti. Haikuenea kwenye mashine, hivyo akafuta picha zote za familia, na za marehemu baba yake zikiwemo. Alikadiria kwamba Muhuri hataweza kumaliza hotuba. Kama angeshika moto, hilo pia aliona linakubalika.

Siku hiyo mvua ilinyesha, na upepo wa baridi ukapita katika soko lisilo na kuta. Wageni walijikunyata. Kikokotoo alikaa kiti cha nyuma kabisa, laptopu mapajani, na Muhuri alipopanda jukwaani, yeye akabonyeza kitufe.

Mvuke ulipanda kutoka mabegani mwa Muhuri. Maua yaliyokuwa mbele yake yalinyauka. Mgeni rasmi, aliyekuwa akitetemeka, alisogeza kiti karibu. Mkewe akafuata, kisha safu nzima, kisha safu ya nyuma yake, wote wamenyoosha viganja kumwelekea msemaji. Alipotaka kumaliza, walimwomba aendelee. Aliendelea. Aliwaeleza kuhusu upepo wa kila upande, nao wakapiga makofi kwa mikono iliyokwisha kupata moto.

Huku nyuma viti vilikuwa vitupu. Barafu nyembamba ilitanda juu ya mashine, na vidole vya Kikokotoo havikukunjika tena. Angeweza kuizima. Wageni wangerudi kwenye baridi yao, lakini Muhuri naye angepoa, na ngozi ya uso wake, iliyokuwa ikimenyeka mbele ya watu, ingepona. Hakuizima.

Pazia lilivutwa, bamba la uzinduzi likaonekana. Lilikuwa na jina moja, na lilikuwa la Muhuri. Mwenyewe alishuka jukwaani akaja moja kwa moja kwa Kikokotoo. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Umeona walivyofurahi, mwanangu? Wametupa kazi ya stendi ya mabasi. Kubwa kuliko hili, na ina ghorofa."

"Na jina?"

"Tutaona."

Kikokotoo alikadiria. Mabasi yangetembea juu ya sakafu za ghorofa mchana na usiku, yamejaa, yakifunga breki. Mitetemo yake isingekuwa na mwisho. Ingekuwa kazi ya miaka.

"Naanza leo," alisema, akavipuliza vidole vyake.