Mkate wa Mbegu Sita

Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na mitatu, na mkono wake haukuwahi kujifunza kupika kidogo. Hata tulipobaki watatu nyumbani, yeye, Baba na mimi, alipika kana kwamba wakati wowote kengele ingegongwa na wanafunzi mia nne wangepanga foleni mlangoni. Kwa hiyo alipoanza kuoka mkate wa nabii, hakuoka mmoja. Alioka minane kwa mpigo, mara mbili kwa wiki.

Mkate wenyewe aliutoa kwenye Biblia. Nabii mmoja wa zamani aliagizwa achukue ngano, shayiri, kunde, dengu, mtama na kitu kiitwacho kusemethi, avichanganye katika chombo kimoja na kujitengenezea mkate. Mama aliusoma mstari huo kwenye kalenda ya kanisa, mwaka ambao shule ilimpunguza kazini na Baba akagundulika ana sukari, yote mawili ndani ya mwezi mmoja. Mimi nilikuwa chuoni, nilisimuliwa tu: alikuwa ameshakaa miezi mitatu kwenye kiti cha jikoni akiangalia ukuta. Haimbi, hasuki nywele, chai inapoa mkononi. Kisha asubuhi moja akachana ukurasa wa kalenda, akachukua kikapu, akaenda sokoni.

Kusemethi hakuipata. Wauza nafaka waliulizana jina hilo kibanda kwa kibanda, mpaka mmoja akaapa kwamba anayo, tena ya mwisho, akampimia ulezi. Shangazi, dada yake Baba, ambaye hawezi kuingia kwetu na kutoka bila kumchokoza wifi yake, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nabii alikula kusemethi, wifi yangu, wewe umeuziwa ulezi wa uji. Malaika watakurudishia huo mkate."

Mama alimjibu kwamba malaika hawana mawifi, ndiyo maana wana amani.

Aliloweka mbegu zote sita, akazitandaza kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka zikatoa vijimkia vyeupe, akazianika juu ya bati, akazipeleka mashineni. Mwenye mashine alilalamika kwamba mchanganyiko ule utamzibia chekeche, lakini akasaga, kwa kuwa Mama alikataa kuondoka. Unga ulitoka na rangi ya udongo. Donge lake liliumuka shingo upande, likaokwa kwenye sufuria pana yenye makaa chini na juu ya mfuniko. Mikate ilitoka mizito, yenye nyufa. Shangazi alisema mmoja ukimwangukia paka tutazika paka. Hata hivyo alikula vipande viwili, akafunga cha tatu kwenye khanga.

Na sukari ya Baba ilishuka. Daktari mwenyewe alimwambia aendelee na unga usiokobolewa. Mama akasimama kanisani akatoa ushuhuda, na tangu siku hiyo mikate saba kati ya minane ilikuwa ikitoka kwetu kwenda kwa wagonjwa wa mtaani. Watu wakaanza kumwita Mama Mkate. Alianza tena kusuka nywele.

Mimi niliporudi kutoka chuoni na shahada yangu, nikiwa sina kazi, figo za Baba zilikuwa zimeshashindwa. Shangazi alinipa jina la Digrii, na Baba akalidaka. Niliamini wakati huo, na bado ninataka kuamini, kwamba hakuna jambo lisilotatuliwa na ukweli ukisemwa kwa upole.

Baba alikuwa akienda hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, Jumanne na Ijumaa. Mama alihamishia uokaji wake siku hizohizo makusudi, ili mumewe akirudi amechoka akute mkate wa moto. Aliyemsindikiza ni Shangazi, ambaye alimwacha mlangoni mwa wodi na kwenda kupiga soga nje kwenye mabenchi. Kwa hiyo Mama hakuwahi kukutana na muuguzi wa pale, wala muuguzi hakuwahi kumwona mpishi.

Jumanne moja mguu wa Shangazi ulivimba, nikaenda mimi.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alisoma majibu ya damu, akayasoma tena, akamuuliza Baba anakula nini.

"Wali mweupe, sista. Na kabichi."

"Maharage? Dengu?"

"Nimeshasahau hata yanafananaje."

Wagonjwa wenzake walicheka. Muuguzi hakucheka. Alinigeukia mimi, akanieleza polepole kwamba figo zikishindwa kazi, madini yaliyomo kwenye kunde, dengu na unga usiokobolewa yanarundikana kwenye damu, na siku moja moyo unasimama bila kuaga. Potasiamu ya mzee imepanda kila mwezi, alisema, na karatasi ya vyakula vya kuepuka alimpa miezi minne iliyopita. Chakula kilichokuwa kikimfaa alipokuwa na sukari tu ndicho hichohicho kinachomdhuru sasa. Nani anampikia?

Baba aliniangalia. Kazi yake ilikuwa ufundi saa, na hivyo ndivyo alivyokuwa akiangalia skrubu ndogo iliyo karibu kudondoka, bila kupumua.

Nilijibu kwamba Mama ndiye anapika. Sikusema zaidi.

Tulipotoka, alikaa kwenye ukuta mfupi karibu na lango la hospitali. Nilimuuliza ile karatasi iko wapi. Alisema aliichana siku ileile aliyopewa.

"Mama yako alikuwa amekufa akiwa amekaa kitini," alisema. "Wewe ulikuwa chuoni, hukuona. Mkate ndio uliomwinua. Sasa nimwambie nini? Kwamba kinachomwinua yeye kinanilaza mimi?"

"Mwambie ukweli, Baba. Ataelewa."

"Ataelewa, ndiyo. Kisha atarudi kwenye kile kiti." Alinyoosha vidole vyake, vilivyokuwa vimeanza kuvimba. "Nimetengeneza saa miaka arobaini, Digrii. Saa isiyotengenezeka naijua. Unaipaka mafuta, unamrudishia mwenyewe, unamwacha afurahie siku zilizobaki."

Aliniomba ninyamaze. Sikumwahidi, lakini nilinyamaza, na kwake yeye aliyeendelea kula haikuwa na tofauti. Tulipofika nyumbani mkate ulikuwa mezani, bado unatoa mvuke. Mama alisimama akimtazama akila, mikono yake ina unga hadi kwenye viwiko, na Baba alikula vipande viwili akasifia cha pili kuliko cha kwanza.

Katika siku zilizofuata niliisoma ile sura yote kwenye Biblia. Mama alikuwa na mstari mmoja tu. Iliyobaki haikuingia kwenye kalenda. Ule haukuwa mkate wa afya. Nabii aliagizwa aule kwa kupimiwa, akiwa amelala ubavu, na maji pia kwa kupimiwa, ili awaonyeshe watu jinsi mji wao utakavyozingirwa na jinsi watakavyokula wakiogopa, wakikwangua mabaki ya kila ghala. Mbegu zilichanganywa kwa sababu hakuna hata moja iliyotosha. Nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje. Nilijiambia nitamweleza kesho. Kila siku niliandaa maneno mazuri zaidi, na kila siku Baba alikula.

Alhamisi ya wiki ya pili, Mama alipokuwa kwenye foleni ya mashine, niliona nimepata njia ambayo haitamuumiza mtu. Nilikanda unga mweupe kwa majani ya chai niliyoyachemsha mpaka maji yakawa meusi, nikanyunyiza punje chache za ulezi juu, nikaoka mkate mmoja na kuuficha kabatini. Ulifanana na wa Mama kabisa. Nilijiona mwerevu sana.

Ijumaa Baba aliporudi nilijitolea kukata mkate. Niliweka vipande vyangu kwenye sahani, Mama akaichukua ampelekee chumbani. Hatua ya pili akasimama. Aliinua sahani kidogo, akaishusha. Mkono uliopima chakula cha watu mia nne haukuhitaji mizani.

"Huu si mkate wangu," alisema.

Niliweka kisu chini.

"Digrii imekufundisha kuonea haya mkate wa mama yako?"

Ndipo nikamweleza, palepale jikoni, makaa yakiwa bado juu ya mfuniko. Yale maneno ya upole niliyoyaandaa kwa siku kumi hayakuja hata moja. Yaliyotoka yalikuwa mafupi na mabaya: figo, moyo, kunde, karatasi. Mama alisikiliza yote, akauliza swali moja tu.

"Anajua tangu lini?"

"Miezi minne."

Aliweka sahani mezani akaingia chumbani. Mlango ulibaki wazi.

"Umekuwa ukila kifo ili mimi nisinune?"

"Nimekuwa nikila ulichonipikia."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungerudi kwenye kiti."

"Ningerudi," Mama alisema. "Halafu ningeinuka. Mimi ni mtu mzima, baba watoto. Ulidhani naweza kubeba masufuria ya shule nzima nishindwe kubeba hili?"

 Nilimsikia Baba akilia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilitoka uani ili nisisikie zaidi.

Jumatatu Mama alikwenda mwenyewe hospitalini, akaomba karatasi nyingine, akanifanya nimsomee kila mstari mpaka akaushika kichwani. Kuanzia hapo ilikuwa wali mweupe, kabichi iliyochemshwa mara mbili na maji yake kumwagwa, na maji ya kunywa kwa kikombe kimoja kidogo chenye alama. Wagonjwa wa mtaani walipouliza mikate iko wapi, aliwaambia mashine imeharibika. Nilimsikia akisema hivyo kwa watu watatu. Nilijua kwa nini hasemi ukweli, na nilijua kwamba huenda miongoni mwao wamo wenye figo kama za Baba, waliobakiwa na vipande ndani au wenye mstari wa kalenda na nia ya kuoka wenyewe. Nilinyamaza tena. Ningemlaumu vipi?

Vipimo vilishuka wiki ya kwanza. Nilianza kutumaini, kama ilivyo kawaida yangu; nilimwambia Shangazi kwamba tumewahi. Shangazi, ambaye huwa na neno kwa kila jambo, alitazama tu miguu ya kaka yake iliyojaa maji.

Wiki ya tatu Baba hakuweza kuinuka. Jumatano asubuhi alimwomba Mama kipande cha mkate.

"Kidogo tu. Na chai."

"Hapana."

"Kimoja, mama watoto. Kimoja kitafanya nini sasa?"

"Hapana."

"Unaninyima?"

"Nakunyima," Mama alisema, akakaa mwisho wa kitanda, akaiweka miguu ya Baba mapajani mwake na kuanza kuikanda. Baba aligeukia upande wa pili. Hawakuzungumza tena. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakata roho, na Mama aliendelea kuikanda ile miguu mpaka Shangazi alipomshika mikono.

Muuguzi aliniambia kwa simu kwamba moyo ulikuwa umechakaa siku nyingi na haiwezekani kusema ni mkate. Nilikimbia kumpelekea Mama maneno hayo kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Alinisikiliza, akasema haiwezekani kusema ni mkate, na haiwezekani kusema si mkate.

Watu walijaa msibani. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vya kuazima, na kila nyumba iliyowahi kupokea mkate ilileta mtu. Kiongozi wa kwaya, mama mwenye sauti nene na moyo mwema, alimshika Mama bega, akasema kwa wote kusikia:

"Jipe moyo, Mama Mkate. Angalau mwenzio amekula mkate wako mpaka siku ya mwisho."

Wanawake walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa faraja nzuri, na haikuhitaji chochote kwa Mama isipokuwa kunyamaza. Nilimwombea anyamaze. Ndiyo, mimi, na imani yangu yote katika ukweli.

"Hapana," Mama alisema. "Siku ya mwisho aliuomba, nikamnyima. Siku nilizompa ndizo nilizotakiwa kumnyima."

Mtu mmoja alianza kumtuliza kwa kumwambia pole, pole. Mama alisimama, akaegemea mgongo wa kiti, akaeleza kila kitu: sukari, figo, karatasi, na kwamba mashine haikuharibika. Hakulia. Aliongea kama anayesoma zamu za jikoni. Shangazi aliinamisha kichwa. Mmoja wa wanawake waliokuwa wakitikisa vichwa aliutazama mlango.

"Sasa nauliza," Mama alisema. "Nani hapa ana mgonjwa wa figo nyumbani?"

Hakuna aliyesogea. Kisha nyuma, karibu na dirisha, mwanamke kijana aliyembeba mtoto mgongoni aliinua mkono, nusu, kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu. Mama aliachia kiti, akapita katikati ya magoti ya watu kumwendea.