Kona Isiyovunja Yai

Jumanne asubuhi, mwaka 1974, Sowedi alisimama katika uwanja wake kule Karusandara akiwa na kapu la mayai, akaangusha yai moja kutoka usawa wa bega. Likavunjika. Akainama, akapapasa, akapata kijiwe kidogo kama punje ya mahindi, akakitupa nje ya kamba iliyozunguka uwanja na kuchukua yai jingine. Ndivyo alivyopima njia yake ya pikipiki. Pale yai linapopasuka, alisema, goti la mtu nalo litapasuka. Kulusum, mkewe, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kuku wake hawatagi kwa ajili ya wendawazimu, lakini mayai alimpa.

Sowedi alikuwa na malori mawili ya kubeba chumvi na samaki kati ya Kasese na Bwera. Mdogo wake, Musitafa, alifia kwenye barabara hiyohiyo, Jumapili mchana, akishindana na wenzake kwa pikipiki, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kushindania. Baada ya arobaini Sowedi akaomba shamba lililoachwa, akachonga njia ya vumbi: kona nne, matuta mawili ya kurukia, na pembeni matairi mabovu ya lori na magunia ya maganda ya kahawa. Waendeshaji wenyewe walikuwa fundi cherehani, mwalimu, muuza chumvi, watu wa namna hiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa kuanguka.

Pale penye kona ya tatu, siku ya kwanza ya kuchonga njia, alikuta matuta saba, kila moja na urefu wa mtu, udongo laini kabisa. Akadhani ni ya viazi vitamu, ya mkulima aliyehama kabla ya kupanda. Nani asingedhani hivyo? Karusandara nzima wanalima viazi. Alifurahi kupata udongo ambao mtu mwingine ameshautifua, akayasawazisha matuta yote saba kwa jembe lake mwenyewe, huku akipiga mluzi.

Sasa yai aliloliangusha hapo halikuvunjika. La pili nalo halikuvunjika. La tatu aliliangusha huku ameinama aone vizuri. Mkono ulitoka udongoni hadi kwenye kiwiko, ukalidaka yai, ukaliweka kando taratibu, ukarudi chini. Sowedi akasema alhamdulillahi, kona moja imekwisha, akabeba kapu kwenda ya nne.

Mazoezi yalipoanza, wa kwanza kuanguka kona ya tatu alikuwa Bwambale, yule fundi cherehani. Mikono ilimpokea kabla hajagusa chini, ikamlaza, mmoja ukampangusa vumbi gotini. Bwambale akasema asante, akainua pikipiki yake. Kufikia mwisho wa wiki kila mwendeshaji alijua kwamba kama kuanguka ni lazima, basi uanguke kona ya tatu. Mwalimu aliihesabu mikono, akapata kumi na minne. Watu walisema ni mikono mizuri, ila ni ya baridi.

Bwambale ndiye aliyezungumza sokoni Bwera, akimpima mteja kiuno. Alisema ule mkono unaopangusa vumbi hauna ncha ya kidole kidogo. Mbambu, aliyekuwa akiuza maharage meza ya pili, akaacha kupima maharage.

Mbambu alikuwa mwanamke wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mama yake Tabisa. Mumewe, Nzanzu, aliwahi kukatwa ncha ya kidole kidogo na mnyororo wa pikipiki. Mwaka uliopita askari walimsimamisha kwenye kizuizi cha barabara ya mpakani akiwa na magunia mawili ya kahawa, na hakufika nyumbani. Mbambu alienda kizuizini mara kumi na moja. Kila mara mkuu wa kizuizi, ambaye wote walimwita Afande, alifungua kitabu, akamwonyesha: Nzanzu, amevuka mpaka. Shemeji zake walitaka kuzika mgomba badala yake, kama afanyiwavyo mtu ambaye maiti yake haikupatikana, ili matanga yaishe na mjane aendelee na maisha. Walimwambia asiye na mwana aeleke jiwe. Mbambu akakataa.

"Mimi sikuolewa na mugomba," alisema. "Niliolewa na mutu."

Basi Ijumaa alifika Karusandara na shuka jeupe na jembe. Akapiga magoti kona ya tatu, akaweka kiganja juu ya udongo, akangoja. Mkono usio na ncha ya kidole ukatoka, ukakishika kiganja chake, ukakibana mara mbili, kama Nzanzu alivyokuwa akifanya kanisani padri akirefusha maneno. Mbambu akalia. Alilia kwa sauti, mpaka muuza chumvi akazima pikipiki yake kwa heshima.

"Mzee Sowedi," alisema alipoweza, "uyu iko bwana yangu. Munipatie, nimupeleke nyumbani, nimuzike."

Sowedi alitazama udongo aliousawazisha. Akakumbuka mluzi wake, akaona haya, haya ya kweli. "Nisamehe, Mama Tabisa," alisema. "Nilidhani viazi." Akalichukua jembe, akaanza kuchimba.

Hakufika mbali. Afande alikuja na gari; alipenda pikipiki, na Jumapili alikuwa ashindane.

"Wewe! Weka jembe chini! Hapa hakuna mtu!"

"Afande, mukono yake ni hii," alisema Mbambu, ambaye bado alikuwa ameushika.

Afande aliutazama ule mkono kwa muda. Aliujua. "Mkono si mtu," alisema. "Bwana yako alivuka, iko kwa kitabu. Na hii kona ikichimbwa, nani atashika vijana wakianguka? Mzee, ni wewe ulitaka usalama." Askari wawili wakarudisha udongo, wakaukanyaga.

Jumapili watu walijaa kwenye kamba. Katika mzunguko wa tano Afande aliingia kona ya tatu kwa kasi mno, akarushwa hewani. Mikono kumi na minne ilitoka pamoja, ikamdaka, ikamshikilia hewani kitambo, zaidi ya ilivyowahi kumshikilia yeyote. Mkono mmoja ulimpapasa shingoni. Halafu ikamlaza chini, na ule usio na ncha ya kidole ukampangusa vumbi gotini.

"Kona nzuri," alisema Afande, akainuka.

Mbambu alipita chini ya kamba. "Nzanzu!" alipiga kelele. "Hata uyu? Uyu pia?" Nzanzu alikuwa hivyo hata alipokuwa hai, hakuweza kuacha kitu kianguke mbele yake, na Mbambu alikuwa amegombana naye miaka tisa juu ya jambo hilo. Akakaa chini. Mkono ukatoka, na alipoona kucha zimekua na zimejaa udongo, akatoa wembe kwenye kitambaa, akaanza kuzikata, polepole, akiitukana kila moja.

Afande alikuwa tayari amepanda juu ya matairi kugawa zawadi. Alimshukuru Mzee Sowedi, ambaye alikuwa akitazama chini. Alisema wilaya nzima haina uwanja salama kama huu, na kwamba hapa hajafa mtu hata mmoja. Watu wakapiga makofi.

Mbambu hakupiga. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshikwa.