Mpini wa Mpera

Chubwi. Taa ilikuwa bado haijawashwa, lakini Mwanawema hakuhitaji kuona. Mumewe, Othman, amerudi kutoka kazini na kulitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji iliyo kando ya mlango, kichwa chini, ili mpini ule mkongwe unywe maji, uvimbe, ukikamate chuma.

"Shoka linaoga," alisema binti yao Time, kama asemavyo kila magharibi.

Asubuhi shoka lilikuwa imara. Lakini jua la Mgogoni halina huruma. Kufika adhuhuri mpini ulikuwa umekauka tena, na chuma kinacheza kama jino la mtoto. Mwanawema alikiona kila alipopeleka chakula kule walikoangusha mikarafuu iliyokufa. Othman na rafiki yake Ngwali husimama wakitazamana, shina katikati yao, wakipokezana: huyu akishusha, yule ananyanyua.

"Baba Time, chuma kinacheza."

"Najua."

"Si umwambie msimamizi?"

"Nishamwambia. Kasema mpini utakuja kutoka mjini Chake. Nikiliweka chini shoka leo, kesho analo mwengine."

Ngwali alimega muhogo, akatabasamu. "Usihofu, shemeji. Shoka hili linaoga kuliko mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Mwanawema naye akacheka, maana hakuona la kufanya zaidi ya hilo, kisha akakusanya vyombo vyake.

Juu ya meko yake kulining'inia kipande cha mpera ambacho Othman alikuwa amekichonga kiwe mpini. Kilikuwa bado kibichi; kingetiwa sasa, kingesinyaa ndani ya chuma na mambo yakawa yale yale. Kila alipoinjika chungu, Mwanawema alikishika akakipima kwa kiganja, na uzito wa maji yaliyomo ukamvunja moyo. Akawa anachochea moto mkubwa hata kwa chai. Moshi ulimtoa machozi yeye, mpera ukabaki mzito. Basi akabaki na dua tu: Ewe Mola, chuma kile kisimrudie mume wangu.

Siku moja Othman alirudi mapema, jua lingali juu. Mwanawema alimkimbilia uani, akamkagua miguu, mikono, uso. Mzima.

"Alhamdulillahi," likamtoka, kabla hajayatazama macho yake.

"Ngwali," alisema Othman. Mkononi alishika mpini mtupu. "Chuma kimechomoka kikampiga muundi. Wamempakia gari la karafuu kumpeleka hospitali. Hawajui kama mguu utabaki."

Lile neno la shukrani lilimrudia Mwanawema. Siku zote alimwombea aliyeshika mpini. Aliyesimama mbele ya chuma, aliyemwita shemeji, aliyekula muhogo wake, hakuwahi kumtaja.

Aliingia jikoni, akanyoosha mkono juu ya meko. Mpera ulikuwa umeanza kuwa mwepesi. Aliushikilia kitambo, asijue aushushe au auache, kisha akauacha.

Giza likaingia. Othman aliketi kizingitini, mpini mapajani, na hapakuwa na aliyekumbuka taa. Ndoo ilikuwa mahali pake, imejaa pomoni. Mwanawema mwenyewe alikuwa ameijaza asubuhi. Time aliinama akachungulia maji, akawatazama wazazi wake mmoja baada ya mwengine.

"Leo shoka halikuoga," alisema.